Meneja wa Mito

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naandika barua kwa sababu simu yako unaifungia kabatini isichakae, na nikipiga wanaosikia ni mende. Huku hatujambo, ukiacha kiuno changu. Mke wangu anakusalimu sana. Mtoto mkubwa ameota meno mawili ya mbele, mdogo ameanguka yakang'oka mawili, kwa hiyo hesabu ya meno nyumbani iko palepale.

Sasa keti chini. Umeketi? Nimeacha kazi.

Ndiyo, hiyohiyo ya bima. Miaka kumi na miwili nimekaa ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta. Juzi tulikuwa kwenye kikao cha kupanga lini tufanye kikao, nikamwona mhasibu mkuu kasinzia, shingo imemlalia begani, mate yanadondokea ripoti ya mwaka. Wenzangu wakaanza kuihurumia ripoti. Mimi niliihurumia shingo. Nikasema moyoni, huyu binadamu nyumbani kwake hana mto wa maana. Wazo likanishukia palepale. Shangazi, natengeneza mito ya kulalia.

Na nikuambie ukweli, aliyenitia wazimu huu ni wewe. Miaka thelathini na moja una cherehani yako na kibanda chako pale sokoni, hujamwita mtu bosi hata siku moja. Kila tukikutana unatuuliza, "Haya, na ninyi mliokuja, nani kawapa ruhusa?" Sisi tunainamisha vichwa. Nami nataka siku moja niwaulize watu hivyo.

Bosi hakuamini. Amesema kiti changu hampi mtu mpaka tarehe thelathini Juni, nikishindwa nirudi. Nilicheka mpaka machozi. Mke wangu hakucheka. Alichukua kalenda akaizungushia hiyo tarehe wino mwekundu, mara tatu.

Niombee.

Meneja wako


20 Februari

Mwanangu Meneja,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, maana ulivyosema keti nilijua kuna balaa. Huku magoti yangu yanaendelea na ubishi wao, mengine salama. Jirani muuza mkaa amenunua redio, sasa tunaisikiliza mtaa mzima, tupende tusipende.

Kumbe umeacha kazi. Haya. Jina la Meneja tulikupa ukiwa na miaka minne, kwa sababu ulikuwa unawapanga kuku foleni kabla ya kuwamwagia mtama, na yule wa mwisho akawa anakonda. Sikushangaa ulipoingia ofisini. Nimeshangaa kusikia umetoka kwa miguu yako.

Sikiliza. Usifanye kazi umevaa tai, na najua unayo shingoni saa hii. Mshono wa mto piga mara mbili, wa kwanza ndani, wa pili juu yake, la sivyo mto utatapikia watu kitandani. Halafu ule. Mtu akijiajiri hakuna wa kumwambia saa ya kula imefika. Mimi niliwahi kushtuka saa kumi jioni natafuna chaki ya kukatia nguo, na nilikuwa nimeshamaliza nusu.

Hilo la kwamba mimi ndiye niliyekutia wazimu tuliache kwanza. Kibanda, sijui niseme nini, kibanda ni kibanda. Naishia hapa, kengele imeli... yaani mteja amefika.

Shangazi yako


16 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kumbe umeweka kengele kibandani! Hiyo ndiyo akili ya biashara. Nimenunua yangu kesho yake, naigonga mwenyewe saa mbili kamili.

Huku wazima. Mdogo sasa anaongea kwa mwanya, anamwita mama yake "thithi", hatujui anamaanisha nini. Nimepata chumba nyuma ya gereji ya fundi matairi. Sufi ya kujazia mito nimerundika pembeni, ukipiga chafya moja unafanya kazi tena nusu saa kuikusanya.

Kuhusu tai ulisema kweli. Niliishona pamoja na mto. Nikawa nimenaswa, mto kifuani, siwezi kusogea mbali nao. Ungedhani ningekata tu, lakini mkasi ulikuwa stoo, na stoo haifunguliwi bila fomu ya kuomba vifaa, na fomu inasainiwa na mkuu wa vifaa, ambaye ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshatoka kazini saa kumi na moja. Utaratibu ni utaratibu. Nilitembea hadi nyumbani na mto kifuani. Watu walinipisha njia kwa heshima.

Jumatano alikuja mteja wa kwanza kabisa, mama mmoja na kikapu chake. Akasema, "Nataka mto." Nikampa fomu ajaze nakala mbili, nikamwambia atajibiwa ndani ya siku saba za kazi. Akanitolea macho. "Mto si huo hapo?" Nikamwambia ndio huo, ila haujaidhinishwa. Akaondoka. Namsubiri, zimebaki siku mbili.

Vikao tunafanya kila Jumatatu. Mke wangu nilimteua katibu. Amejiuzulu kwenye ajenda ya pili, kwa mdomo, bila notisi.

Meneja, Mkurugenzi na Mkuu wa Vifaa


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole, ingawa huistahili. Nimechelewa kujibu. Mambo yamebana, na hata ruhusa ya kwenda posta... nafasi. Nasema nafasi ya kwenda posta haikupatikana. Magoti yamepoa kidogo, siku hizi nakaa kwenye kiti chenye mgongo.

Mtu katoka kwake, kafika mlangoni kwako, pesa mkononi, anataka mto, na mto anauona, wewe unampa karatasi! Nilipofika hapo nilicheka mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Mwanangu, hizo fomu zichane zote. Kama moyo unakuuma kuzichana, zitie ndani ya mto, zifae kitu. Na huyo fundi matairi mwambie achomee mpira wake mbali. Sufi inavuta harufu kuliko unavyodhani.

Mke wako mpe salamu zangu, mwambie kujiuzulu kwake nakuunga mkono.

Halafu acha kunitaja mimi kila unapoongea na watu. Juzi shemeji yako kaniandikia kwamba nawe umeanza kuwaambia vijana wote waache kazi wawe kama shangazi. Usiwaambie hivyo. Sitaki.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, mdogo ameanza kuota meno mapya. "Wenzangu" ni akina nani, au umechukua wanagenzi? Hongera, biashara inapanuka! Yangu nayo inakwenda. Usiniulize inakwenda wapi.

Sasa kuna jambo. Nimeona tangazo gazetini, hospitali kubwa ya huko kwenu inataka mito mia mbili. Nimeshatuma sampuli tatu. Tangazo linasema zitakaguliwa na Msimamizi wa Chumba cha Mashuka, na neno lake ndilo litakalopelekwa kwenye kamati. Shangazi, wewe hapo ni mtu wa mji, nakuomba ukamwone, mtu wa mashuka bila shaka ni mama. Mwambie unamjua kijana mmoja mwadilifu. Sifu kitambaa chake cha kichwani. Watu wa kuajiriwa mimi nawajua vizuri, viti vimewakausha, ukiwasifu kidogo tu wanalainika.

Sitaki kukuficha uzito wake. Nikipata kazi hii, kampuni imesimama. Nisipopata, tarehe thelathini Juni narudi ghorofa ya tatu kutazama ukuta, na sidhani kama nitatoka tena. Mke wangu keshaipiga pasi ile suruali ya kazini. Ameitundika nyuma ya mlango. Kila nikiingia chumbani ninaona miguu yangu inanisubiri.

Meneja wako


15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Redio ya muuza mkaa imekufa, mtaa umepumua.

Huyo mama nimemwona. Namwona mara nyingi tu, hata leo asubuhi nikichana nywele nilim... nilimwona anapita dirishani. Ni mtu mzima, mzuri wa sura, kazi zimemzidi. Kitambaa chake nimekisifu, kasema anajua kwamba ni kizuri. Hilo la viti kuwakausha watu sikumfikishia, maana angeweza kuudhika, na angekuwa na haki.

Kuhusu mito yako, hapokei salamu wala sifa. Anasema ataikagua sawasawa na mito ya mtoto wa mtu mwingine yeyote. Nami sikumbembeleza zaidi. Kula vizuri.

Shangazi yako


3 Juni

HOSPITALI
CHUMBA CHA MASHUKA

Kwa Mkurugenzi, Kampuni ya Mito.

YAH: SAMPULI ZA MITO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sampuli zako tatu zimepokelewa, zimefuliwa, zimelaliwa na zimekataliwa.

Mto wa kwanza umepasuka baada ya kufuliwa mara ya pili, kwa kuwa umeshonwa mara moja ilhali ulielezwa ushone mara mbili. Mto wa pili sufi yote imekimbilia kona moja, mgonjwa analala kichwa juu kama anayechungulia juu ya ukuta. Mto wa tatu unanuka tairi. Mgonjwa aliyejaribishiwa aliota yuko kwenye ajali ya lori, akamkamata muuguzi shingoni.

Waombaji wengine wanne nao wamekataliwa. Hivyo muda umeongezwa, na sampuli mpya zitapokelewa hadi tarehe tano Julai.

Aidha, unashauriwa kula kwa wakati, na usimsumbue mke wako na vikao.

Msimamizi,
Chumba cha Mashuka


10 Juni

Shangazi, au nikuite Ndugu Msimamizi?

Shikamoo naitoa kwa ajili ya malezi tu. Hali zetu usiulize.

Hakuna ofisi duniani inayomwandikia mwombaji wa zabuni asimsumbue mke wake na vikao! Barua ile niliisoma mara ya kwanza kama mkurugenzi, nikalia. Nikaisoma mara ya pili kama mtoto wa kaka yako, nikaruka mpaka fundi matairi akaja mbio na jeki, akidhani nimeangukiwa na kitu.

Kengele! Ruhusa! Wenzangu! Kiti chenye mgongo! Na mimi nilivyo mjinga nikakutuma ukamwone huyo mama, nawe ukaenda ukajisifia kitambaa. Umeajiriwa, Shangazi. Tangu lini? Mimi nimeacha mshahara nikikufuata wewe, kumbe tumepishana mlangoni, natoka nje wewe unaingia ndani.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, nami nitasema. Tangu Februari nimeuza mito kumi na mmoja. Minne kati ya hiyo kainunua mke wangu, anawatuma majirani kwa siri. Nilijua nilipoikuta chini ya kitanda chetu, imepangwa vizuri, imefunikwa kanga. Sikumwambia kwamba nimeiona. Nilikaa pale sakafuni, nikaona haya mbele ya mito.

Zimebaki siku ishirini. Nimekasirika, na sina mtu mwingine wa kumwambia isipokuwa wewe, jambo ambalo linaniongezea hasira.

Mtoto wa kaka yako


17 Juni

Mwanangu mpenzi,

Kasirika, una haki. Shikamoo yako naipokea hata kama imetoka kwa kuvutwa.

Mwaka jana mwezi wa kumi nilishikwa na homa. Nikashona nayo siku tatu, maana nikilala nani atashona? Gauni la bibi harusi nililitia mkono mmoja mgongoni. Alipokuja kulijaribu mama yake alipiga ukunga, nami nikaanguka hapohapo, wakanikimbiza hospitali. Sikuwaambia ninyi, mngejaza nyumba na kuniletea maneno.

Nikalazwa. Mwanangu, ule mto! Ulikuwa kama wamejaza kokoto. Siku tatu shingo haigeuki. Nikalalamika juu ya mto, nikalalamika juu ya mashuka, nikalalamika juu ya pindo za mapazia, mpaka muuguzi mkuu akasema, "Mama, kama unajua sana, njoo ushone wewe." Nikapona, nikaenda. Alikuwa anatania. Mimi sikutania.

Siku ya kwanza wakaniambia, "Mama, saa ya chai, acha kazi." Nilitoka nikaenda nyuma ya mashine ya kufulia nikalia sana. Miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kuniambia acha kazi. Barua yako ya kwanza ilinikuta nina miezi mitatu ya ajira, kibanda nimekirudisha kwa mwenyewe. Unanisifu, unaniita mfano, na mimi nimevaa koti la hospitali lenye namba. Niliona aibu. Na niliogopa, nikasema huyu akijua atavunjika moyo, na nitakuwa nimemvunja mimi.

Kibanda nilikipenda, usinielewe vibaya. Nilichoka tu. Wewe hujachoka. Wewe hujui kushona, na hilo linafundishika.

Mito yako iliniuma kuikataa, nililala na ile barua siku mbili kabla ya kuituma. Lakini nimeshalala kwenye mto mbovu nikiwa mgonjwa. Siwezi kumfanyia mtu hivyo kwa sababu aliyeushona ni damu yangu. Ukitaka kurudi ofisini, rudi, sitakudharau, mimi mwenyewe niko huko. Ukitaka kujaribu tena, mshono mara mbili.

Shangazi yako anayekupenda


29 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, safari hii ya moyoni. Huku wazima, ila vidole vyangu vimejaa malengelenge, ndiyo maana mwandiko unayumba. Mke wangu anasema koti lenye namba lazima linakupendeza.

Nimefumua mito yote. Ile minne ya chini ya kitanda nimeiomba, ameona haya, nimeona haya, tukacheka mpaka watoto wakaja kutazama. Anajua kushona kuliko mimi, kumbe. Niliwahi kumpa ukatibu mtu ambaye angekuwa fundi mkuu! Sasa yeye anashona, mimi najaza na kufua. Nimehama kwa fundi matairi, tunafanya kazi sebuleni. Sampuli mpya nimezifua mara nane, nikazianika, nikazilalia mwenyewe. Zimeshaondoka na basi la leo asubuhi.

Mchana nilikwenda ofisini. Nilivaa ile suruali. Bosi akanionyesha kiti, nikakaa. Sitakudanganya, Shangazi, ni kiti kizuri. Kinazunguka. Mhasibu mkuu akanipungia mkono kwa furaha. Bosi akanisogezea karatasi ya kusaini na kalamu, nikaishika kalamu. Nikakaa nayo muda mrefu mpaka bosi akauliza kama haiandiki.

Nikasimama, nikamwambia kiti ampe mtu mwingine. Akaniuliza, "Umepata ile kazi ya hospitali?" Nikasema sijapata, na huenda nisipate. "Sasa?" Nikamwambia, sasa najua mto unavyoshonwa. Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa, na sidhani kama alikosea sana. Naogopa, Shangazi. Nimefika nyumbani nikamweleza mke wangu, akasema nimpe sufi ya mto wa watoto.

Usinibebe. Ukikuta kasoro, kataa.

Meneja


24 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Magoti yangu hayajambo. Nisamehe kwa ukimya, nilikatazwa kuandika mpaka kamati imalize, na mimi sasa ni mtu wa kukatazwa.

Sampuli zilipofika nilikwenda kwa muuguzi mkuu, nikamwambia mwombaji mmoja ni mtoto wa kaka yangu, na awamu iliyopita nilinyamaza, na nilikosea. Akanigombeza, nikagombezeka. Mito ikakaguliwa na mtu wa wodini, mimi nikaambiwa nisiikaribie hata kwa kunusa. Siku ya kamati wakanitoa nje. Nikasimama kwenye korido nimeweka sikio mlangoni, nasikia tu neno "mshono, mshono". Mara daktari akafungua mlango ghafla, nikaingia kikao kwa kichwa. Nikajifanya naokota sindano. Nikaokota mpaka ikawa haina maana, nikatoka.

Sasa sikia. Mia mbili hawakukupa. Wamekupa arobaini, ya wodi moja. Ikivumilia miezi sita ndipo watazungumza juu ya mingine. Najua ulitaka mia mbili. Najua arobaini haijazi sebule yako wala haitulizi moyo wa mke wako, na kiti chako kimeshakaliwa na mtu. Nilitaka kukupunguzia uchungu wa maneno, nikashindwa, kwa hiyo nakuambia hivyohivyo. Shona hiyo arobaini.

Ila kuna jambo jingine. Ule mto wa sampuli uliopita ukaguzi walimpa mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji. Siku nne alikuwa hajapata usingizi, analia tu, wauguzi wameshachoka kumbembeleza. Wakamwekea mto wako. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, akatulia. Akalala, mwanangu, mdomo wazi, na kukoroma juu. Nilipita na toroli ya mashuka nikasimama nikamtazama. Nikasimama sana mpaka muuguzi wa zamu akaja akaniuliza, "Mama, mbona unalia? Huyu mgonjwa ni ndugu yako?"

Nikamwambia, "Huyo simjui hata jina. Ndugu yangu ni huo mto."

Shangazi yako